Bunju Hapimiwi Chumvi kwa Kijiko

Bunju wa madoa ya kijani, Dichotomyctere nigroviridis, huuzwa akiwa mdogo kama kidole gumba, tumbo jeupe pe, macho yakimfuata kila anayepita mbele ya kioo. Kwao ni Asia, kuanzia Sri Lanka hadi Indonesia, kwenye mito, mikoko na midomo ya mito. Wanasayansi wanamjua hadi ndani ya chembe zake: jenomu yake ilichapishwa mwaka 2004. Pamoja na hayo, wengi hufa mapema mikononi mwa watu wanaowapenda, kwa sababu ya maneno yanayorudiwarudiwa dukani.

La kwanza ni hili: “Mbona hapa yumo kwenye maji baridi na anakula vizuri?” Kweli yumo, na hata kwao wadogo huonekana kwenye maji baridi. Lakini damu ya samaki ina chumvi karibu theluthi ya ile ya bahari. Akikaa kwenye maji yasiyo na chumvi, maji humwingia usiku na mchana, chumvi humtoka, na figo hazipumziki. Kwa muda humudu. Wafugaji wenye uzoefu humwanzisha kwenye uzito mahususi wa maji (ukilinganishwa na maji matupu) wa 1.005 hadi 1.008, kisha humpandisha taratibu kadiri anavyokua, mpaka 1.010 au zaidi. Mtazame tumboni: ule weupe ukigeuka kijivu au mweusi na asirudie rangi yake, yapime maji siku hiyohiyo.

“Basi tia kijiko cha chumvi.” Hapa ndipo wengi wanapoponzwa. Ili kufika 1.005 unahitaji gramu 7 hadi 9 kwa kila lita. Tangi la lita 100 linataka gramu 700 mpaka 900, wakati kijiko kikubwa hakizidi sana gramu 15. Kijiko kimoja hakibadilishi chochote, na ulimi haupimi. Nunua hidromita, au bora zaidi refraktomita: tone moja juu ya kioo chake, tazama kwenye mwanga, usome mstari unapokatia.

Tena si chumvi yoyote. Ya mezani ni sodiamu kloridi karibu tupu, na ya mashambani kwetu pwani haiko mbali nayo. Chumvi ya akwariamu za bahari ina pia magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na baikaboneti, na hiyo baikaboneti ndiyo inayoshikilia pH karibu na 8. Aliye Mombasa au Dar es Salaam ana njia nyingine: maji ya bahari yenyewe yana gramu 35 hivi kwa lita, hivyo sehemu moja yake kwa nne za maji baridi hukupa gramu 7. Yachote maji yakiwa yamejaa, mbali na bandari na mifereji ya maji taka, uyachuje. Ya bomba yaondolee klorini kwanza.

Wapo pia wanaosema samaki wa mdomo wa mto amezoea mabadiliko, kwa hiyo pandisha na ushushe utakavyo. Huko mtoni huchagua mwenyewe pa kwenda, na tangini hana pa kukimbilia. Isitoshe, bakteria wa kwenye chujio, wanaovunja amonia, hawana wepesi wake. Ukiwashtua hulala, amonia hupanda, na kwenye pH ya juu amonia ni sumu kali zaidi. Pandisha 0.002 kwa wiki, si zaidi. Na maji yakipungua kwa kukauka, chumvi imebaki humo humo, basi jazia maji baridi matupu.

La mwisho: “Bunju wote ni wa chumvi.” Hapana! Tetraodon mbu, anayeweza kupita sentimita 60, anaishi Ziwa Tanganyika na mto Kongo, na bunju mwenzake, fahaka, yuko mto Nile. Hao ni wa maji baridi maisha yao yote, na kuwatilia chumvi ni kuwatesa. Naye Dichotomyctere ocellatus, mwenye michoro kama namba 8 mgongoni, hukaa karibu na 1.005 hata akiwa mzima, tena hafiki sentimita 10. Mara nyingi huwekwa tangi moja na yule wa madoa kwa jina moja tu la bunju, kwa hiyo muulize muuzaji jina la kisayansi kabla hujanunua chumvi.