Mifarishi sita, cherehani moja

Haya wasomaji, leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata (nitarudi, msiogope) niseme juu ya viraka. Nazungumzia mfarishi, lile tandiko la vipande vya kitenge na mitumba vilivyoungwa pamoja, likatiwa kitu laini katikati na kitambaa kizima chini. Wengine husema tu shuka la viraka.

Kuna ushauri unaorudiwa kila mahali, kwa washonaji na kwa sisi tunaoandika programu: usianze kipya kabla hujamaliza cha zamani. Naupinga. Kuwa na kazi tatu nyumbani si ugonjwa. Ugonjwa ni kazi tatu kusubiri mlango mmoja.

Nieleze. Kukata na kuunga vipande ni kutamu sana. Unakwenda soko la Kibuye Jumapili, unarudi na mashati ya mitumba yenye mistari mizuri, unamwomba fundi cherehani mabaki ya kitenge, na kufikia jioni una rundo la miraba mezani. Baada ya wiki mbili uso wa mfarishi umekamilika na kila mgeni anausifu. Halafu? Halafu inakuja kazi isiyosifiwa na mtu. Tabaka tatu zitandazwe sakafuni, zinyooshwe, zibanwe kwa pini, kisha zishonwe pamoja kuanzia katikati kwenda pembeni ili kitambaa kisijikunje. Kwa hiyo unahitaji sakafu safi na tupu. Sasa niambie, katika nyumba ya vyumba viwili, yenye meza, viti na watoto, sakafu hiyo iko wapi? Ndiyo maana nyuso zilizokwisha kuungwa hujaa kwenye gunia juu ya kabati.

Programu ni vilevile. Vitufe na kurasa nzuri huandikwa kwa wiki moja, mteja anapiga makofi. Kuhamisha data za zamani, kujaribu na kuandika maelekezo ya mtumiaji, hapo ndipo miradi hulala.

Mwaka 1961 msomi wa Marekani, John Little, alitoa uthibitisho wa kanuni ambayo ingefaa kubandikwa juu ya kila cherehani. Kwa lugha rahisi: muda ambao kitu kimoja hukaa njiani, kwa wastani, ni idadi ya vitu vilivyo njiani ukigawanya kwa kasi yako ya kumaliza. Tuseme sakafu yako inakuruhusu kumaliza mfarishi mmoja kila miezi miwili. Ukiwa na sita njiani, kila mmoja utachukua mwaka mzima. Ukiwa na miwili, miezi minne. Mikono ni ileile, cherehani ni ileile, na kwa mwaka bado unatoa sita! Kinachobadilika ni kwamba mtoto aliyeshonewa anaupata akiwa bado mchanga, si akiwa ameanza chekechea. Toyota walijenga kiwanda chao juu ya wazo la jinsi hii: hatua ya nyuma haitengenezi mpaka hatua ya mbele iwe imeomba.

Basi mimi nahesabu zile zinazosubiri sakafu. Zikifika mbili, cherehani haiungi uso mwingine, hata kitenge kiwe kizuri namna gani. Lakini pindo la ule wa tatu naweza kulishona kwa mkono, kwenye foleni au stima ikipotea (cherehani ya miguu nayo haijali stima, jambo ambalo laptopu yangu haijajifunza bado). Kazi tatu, hatua tatu tofauti, hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Mtu atasema, kwani kuna haraka gani, nguo haiozi. Inaoza, ndugu. Jua la Kisumu likipita dirishani hula rangi. Panya hawaulizi. Na kitenge ulichokosa mita moja mwaka huu, mwaka kesho muuzaji ataleta chapa nyingine kabisa. Sisi tunaijua hali hiyo: aliyeacha programu yake nusu katika Python 2 aliamka Januari 2020 akakuta haitunzwi tena.

Sasa ya zamani, maana hapo ndipo penye uzito. Shangazi yangu anayeishi upande wa Dunga alianza mfarishi wa mashati ya marehemu mumewe. Alikusudia wa kitanda cha sita kwa sita. Macho yakaanza kumsaliti, akanipa gunia lote. "Nimalizie, baba, wakati bado naona rangi." Vipande vilivyokwisha kuungwa vinatosha kitanda cha tatu na nusu kwa sita, na mishono mingine imekwenda upande.

Mwandishi wa programu akiona kazi ya mwingine, mkono humwasha kufumua yote aanze upya. Ndugu zangu wengine nao wanasema nitafute mashati yanayofanana, nifikishe sita kwa sita kama alivyotaka. Nawaheshimu, lakini nakataa yote mawili. Mashati ya mtu mwingine si ya marehemu, na macho ya shangazi hayasubiri. Tatu na nusu kwa sita inamtosha, yeye analala peke yake. Mshono uliokwenda upande ni wake, nauacha.

Si kila gunia linastahili hivyo. Mfarishi ambao mwenyewe hautaki tena ufumue, ufanye mito ya viti, uondoke kwenye hesabu. Sisi wa Kisumu tumeona yote: kiwanda cha molasi kilichoanza kujengwa miaka ya 1970 kikakwama kabla ya kukamilika, hadi kikafufuliwa miaka ya 2000, na MV Uhuru, meli ya mabehewa ya treni, iliyolala zaidi ya miaka kumi ikarudi ziwani 2019. Mara zote mbili ilibidi mtu aamue kama kilichopo bado kina kazi.

Wa shangazi uko sakafuni tangu jana, viti viko nje barazani, na nina mpaka Jumamosi. Swali kwa wanaojua: kwa joto hili letu, katikati niweke blanketi jembamba au shuka kuukuu la pamba? Blanketi linakaa vizuri chini ya sindano, lakini yeye hulala dirisha wazi mwaka mzima.