Takwimu: Kitabu Kimoja Kinatosha, Kikiwa Ndicho



Ndugu zangu wazazi na wanafunzi wa Rusizi, leo naomba tuzungumzie jambo linalowasumbua vijana wanaojisomea hisabati nyumbani, hasa wanaojiandaa na mtihani wa taifa wakiwa watahiniwa wa kujitegemea. Somo ni takwimu, na swali ni hili: wasome kitabu kipi?

Jirani yetu mmoja hapa Kamembe alimpatia mwanawe vitabu viwili, kimoja cha Kifaransa kutoka Bukavu na kingine cha Kiingereza, pamoja na kurasa zilizotolewa kwenye intaneti. Kijana alisoma kwa bidii, lakini vitabu vilimpa majibu tofauti kwa swali lile lile. Akaamini hana akili ya hesabu. Kumbe kosa halikuwa lake.

Tazameni mfano. Mama muuza sambaza ameuza kilo 4, 6, 8, 10 na 12 kwa siku tano. Wastani ni kilo 8. Tukitaka kujua mauzo yametawanyika kiasi gani, tunatafuta tofauti ya kila siku na wastani, tunaizidisha kwa yenyewe, kisha tunajumlisha. Tunapata 40. Kitabu kimoja kitagawa kwa 5 na kutafuta kipeuo cha pili, jibu 2.83. Kingine kitagawa kwa 4, jibu 3.16. Yote mawili ni sahihi! La kwanza ni la mtu anayezungumzia siku hizo tano tu. La pili ni la aliyezichukua kama sampuli ili akadirie siku nyingine nyingi. Asiyeelezwa hayo atapoteza alama hali ya kuwa hesabu anaijua.

Wengi wetu hudhani vitabu vingi ndiyo elimu nyingi. Mimi sikubaliani. Maoni yangu ni haya:

Kwanza, anza na mtaala wa mtihani utakaofanya. Mitaala hubadilika, kama ilivyokuwa mwaka 2016 ulipoanza mtaala wa umahiri. Kitabu kinachofuata mtaala wako ndicho kiongozi. Vingine ni wasaidizi.

Pili, angalia lugha. Tangu uamuzi wa serikali wa mwaka 2008, Kiingereza kilichukua nafasi ya Kifaransa katika kufundishia. Kitabu alichokiacha kaka yako kina hesabu nzuri, lakini ukijua istilahi za Kifaransa peke yake, swali la mtihani litakupita.

Tatu, chagua kitabu chenye mazoezi na majibu. Anayejisomea hana mwalimu wa kumsahihishia. Ongeza mitihani ya miaka iliyopita, uone inavyouliza na inavyogawa.

Nne, vya bure visidharauliwe. Vitabu vya takwimu vya OpenStax hupatikana bila malipo, na Khan Academy ina masomo ya video. Ila kumbukeni, OpenStax hutilia mkazo sampuli, yaani ule mgawanyo wa pili.

Tano, tumieni namba za nyumbani. Sensa ya Rwanda ya mwaka 2022 ilihesabu watu 13,246,394, na ripoti zake ni mazoezi tosha. Hata bei za sokoni kwa wiki mbili zinatosha kuchora grafu.

Wazazi, msione aibu kusema hamjui hesabu. Mwulizeni mtoto swali moja tu kila wiki: "Jibu hili lina maana gani?" Akiweza kuwaeleza kwa Kiswahili au Kinyarwanda, ameelewa.

Elimu hii si ngeni kwetu. Al-Kindi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, alihesabu ni mara ngapi kila herufi inatokea katika maandishi, na kwa hesabu hiyo akafichua maandishi ya siri. Alianza kwa kuhesabu kwa makini kilichokuwa mbele yake. Vijana wetu nao waanzie hapo, in shaa Allah.

Wabillahi tawfiq.