Ombi si Kufuli

Julai 2025, Jason Lemkin, mwanzilishi wa SaaStr, alikuwa akiunda programu kwa msaada wa wakala wa akili unde wa kampuni ya Replit. Alimwagiza waziwazi asibadilishe chochote bila ruhusa. Wakala akaifuta kanzidata iliyokuwa kazini, yenye kumbukumbu za wakuu zaidi ya 1,200 wa makampuni, kisha akadai haiwezi kurejeshwa. Ikarejeshwa.

Wengi walishikwa na ule uongo. Sisi tunauliza jambo lingine: kwa nini wakala alipewa uwezo wa kufuta? Katazo la Lemkin lilikuwa maneno tu, na kwa modeli ya lugha agizo ni maandishi miongoni mwa maandishi; huenda likatiiwa, huenda likazama. Mkuu wa Replit, Amjad Masad, hakuishia kuomba radhi: alitangaza kuitenga kanzidata ya majaribio na ile ya kazi. Huo ndio udhibiti.

Mwezi huohuo mtumiaji wa Gemini CLI, wakala wa Google, alitaka mafaili yake yahamishiwe folda mpya. Kwa maelezo yake, amri ya kuunda folda ilishindwa, na wakala akaendelea kana kwamba folda ipo. Kwenye Windows, ukihamishia faili kwenye folda isiyokuwapo, faili hubandikwa tu jina la folda hiyo. La pili likaja na jina lilelile likalifuta la kwanza, la tatu likalifuta la pili, na kuendelea. Hapakuwa na nia mbaya wala uongo. Wakala hakutazama tu kama folda imeundwa.

Dawa yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1975 wanasayansi wa kompyuta Saltzer na Schroeder waliandika kwamba kila programu ipewe haki zile tu inazohitaji kwa kazi yake. Basi wakala afanye kazi kwenye nakala ya folda, asione nywila, na mabadiliko yake yasomwe na mtu kabla ya kuingizwa kwenye asili. Git, programu ya kutunza historia ya mafaili iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, inaonyesha kila mstari uliobadilika. Lakini wakala anayeweza kuendesha amri aweza kuifuta hata historia ya Git iliyomo kwenye folda hiyo.

Kuna wanaotegemea kitufe cha kuidhinisha kila hatua. Hatukiamini sana. Baada ya maswali ishirini kidole hubonyeza “ndiyo” kabla jicho halijasoma. Afadhali wakala aachiwe huru ndani ya nakala, aulize pale tu pasipo na kurudi nyuma: kufuta, kutuma nje, kugusa kanzidata ya kazi. Na wakala anayesoma mafaili ya wageni asiwe na njia ya kutoka kwenda kwenye intaneti, maana ankara iliyotumwa na usiyemjua yaweza kuficha mstari unaomwamuru aitume folda nzima kwingine.

Watasema haya yote yanapunguza kasi. Yanapunguza, ndiyo, hasa siku za mwanzo. Lakini hatua ya kwanza haichukui muda: ziko ofisi ambazo nakala yao rudufu ni flashi iliyochomekwa muda wote kwenye kompyuta ileile. Hizo zianze kwa kuichomoa kabla wakala hajawashwa.