HD 800 ni bora kwa nani?

Haya, wacha niseme wazi. Nimechoka kuambiwa eti Sennheiser HD 800 ni "bora" kuliko HD 650 na mjadala umekwisha. Bora kwa nani? HD 800 ilitoka 2009, na vipimo vinaonyesha sauti za karibu kilohezi 6 zimepanda: matoazi na kila "s" vinachoma. Wengine huita hiyo uwazi, sawa. Lakini gitaa la benga tayari ni kali. Mimi nachukua HD 650 ya 2003 na kusikiliza masaa matatu bila kuchoka.

Na mnavyolinganisha sasa! Mtu anachomeka Grado ya omu 32 kwa simu, kisha HD 650 ya omu 300 kwa simu hiyo hiyo, bila kugusa sauti. Ya kwanza inapiga kwa nguvu zaidi, naye anaandika ina "uhai". Sikio hupenda chenye sauti kubwa, hata tofauti ikiwa desibeli 1 tu. Programa gani hubadilisha vitu viwili kwa mpigo halafu adai amejua kilicholeta hitilafu?

Kuna kijana anaweka akiba mwaka mzima kwa maneno yenu. Sawazisheni sauti kwanza, ndio mje tubishane.