Kiti cha Mzee na Saa ya Msongamano

Penye wazee haliharibiki neno. Msemo huu tunautumia harusini, matangani na katika mikutano ya mtaa, na kila mmoja wetu huitikia kwa kichwa. Juma hili yafaa tuupime mahali pengine, pasipo na hotuba wala viti vya mbele: mlangoni mwa basi, saa 12:30 asubuhi, wakati kila mtu ana haraka na nafasi ni chache.

Swali lenyewe ni hili. Ikiwa jamii imekubali kwamba wazee na watu wenye ulemavu wasafiri bila kulipa, je, ni haki kuwaambia wasipande saa za msongamano?

Wenzetu wa Uingereza wamelijibu swali hilo kwa saa ya ukutani. Tangu tarehe 1 Aprili 2008, mzee aliyefikia umri uliowekwa, na mtu mwenye ulemavu unaotambuliwa, hupata kadi ya kupanda mabasi ya kawaida bure kokote England. Lakini Jumatatu hadi Ijumaa kadi hiyo hufanya kazi kuanzia saa 3:30 asubuhi hadi saa 5 usiku. Halmashauri inayotaka kuongeza muda yaruhusiwa, ila kwa fedha yake yenyewe. Madereva wa huko hata wamewatungia wazee jina la utani, kwa sababu ya wale wanaopanda dakika chache kabla ya saa hiyo na kuuliza, "Je, nimewahi mno?" Mjini London wazee walikuwa na uhuru zaidi, lakini Juni 2020, wakati wa janga la Uviko-19, walizuiwa kusafiri bure kabla ya saa 3 asubuhi siku za kazi, na mwaka 2023 zuio hilo likafanywa la kudumu. Wenye ulemavu hawakuguswa. Uskoti na Welisi, kwa upande wao, hawakuweka mipaka ya saa.

Wanaotetea mpaka huo wana hoja ambayo haifai kubezwa. Saa ya alfajiri ni ya mfanyakazi anayelipa nauli kamili, na akichelewa hukatwa mshahara. Ni ya mama wa mboga ambaye asipofika sokoni mapema, watoto watalala na njaa. Mzee anayekwenda kumjulia hali nduguye anaweza kungoja saa moja au mbili pasipo kudhurika. Hadi hapo neno hilo lina mantiki.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo watu husahau kulitaja. Huko England mzee anapopanda bure, mwenye basi hapati hasara. Halmashauri humrudishia fedha, kwa kanuni kwamba asinufaike wala asiumie kwa sababu ya kadi hiyo. Kwa hiyo dereva hana sababu ya kumkimbia mzee kituoni.

Sasa turudi nyumbani. Tanzania Bara mzee hana kadi ya namna hiyo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu mwenye miaka 60 au zaidi, na mzee asiye na uwezo amewekewa utaratibu wa kutibiwa bila malipo. Lakini njia ya kufika hospitali ni juu yake na jamaa zake. Nauli nafuu tunayoijua sana ni ya mwanafunzi, nayo ina funzo kubwa.

Mwaka 1974, UDA ilipoanzishwa jijini Dar es Salaam, mabasi ya mji yalikuwa mali ya umma. Likitolewa punguzo, hasara ilikuwa ya umma. Mwaka 1983 magari ya watu binafsi yakaruhusiwa rasmi, ndiyo daladala zetu. Nauli nafuu ya mwanafunzi iliendelea kuwapo, lakini mlipaji alibadilika. Desemba 2023 nauli ya mtu mzima kwa safari fupi za mjini ilipopanda kutoka Sh. 500 hadi Sh. 600, ya mwanafunzi ilibaki Sh. 200. Nani hulipa hizo Sh. 400? Hulipa mwenye gari, na kwa kweli hulipa dereva na kondakta wanaotakiwa kupeleka hesabu jioni. Ndiyo maana asubuhi tunawaona watoto wamevaa sare wamesimama kituoni, na gari linawapita. Hakuna sheria iliyowazuia kupanda saa hiyo. Kondakta ameweka sheria yake mlangoni, na haikuandikwa popote.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nasi tuongeze kwamba anayetoa atoe chake. Tukitangaza kesho kwamba wazee wapande bure bila kumrudishia mwenye gari fedha yake, tutakuwa tumewapeleka wazee wakasimame pamoja na wale watoto.

Tuchukue mfano wa Buzwagi. Mgodi ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2009 ulifungwa mwaka 2021, na eneo lake likatengwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi. Manispaa ya Kahama, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, ina watu zaidi ya 450,000. Kila asubuhi haisi na bajaji hugombewa na wafanyakazi, wafanyabiashara na wanafunzi. Katika umati huo yumo bibi wa Mwendakulima anayekwenda kliniki ya shinikizo la damu, na yumo mchimbaji mdogo aliyevunjika mguu shimoni, anayetembea kwa magongo. Hawakuchagua saa hiyo kwa kupenda. Foleni ya hospitali huanza asubuhi, na anayefika saa 5 huweza kurudi bila kumwona daktari.

Tena kuna walio mbali zaidi. Katika vijiji vingi gari la kwenda mjini huondoka alfajiri na kurudi alasiri. Huko, kumpa mzee kadi inayoanza kazi saa 3:30 asubuhi ni kumpa kadi ya gari lililokwisha kuondoka.

Basi, ikiwa siku moja halmashauri zetu zitaamua kuwapa wazee na wenye ulemavu nafuu ya usafiri, nami naomba ziamue hivyo, mambo matatu yasisahauliwe. Kwanza, fedha ya kumrudishia mwenye gari itengwe kabla ya kadi kugawiwa. Pili, mpaka wa saa, ukilazimu kuwekwa mjini, usimguse mwenye ulemavu wala mgonjwa mwenye kadi ya kliniki, na usiwekwe kabisa penye gari moja kwa siku. Tatu, hospitali zipange kliniki za wazee kuanzia saa 4 asubuhi, wapate kusafiri magari yakiwa na nafasi. Hili la tatu halihitaji nauli ya mtu yeyote. Lahitaji ratiba tu.

Nasi wa majumbani tuna sehemu yetu. Tusimtume mama mkwe sokoni saa 12 asubuhi kwa shughuli inayoweza kungoja hadi saa 4. Siku ya kliniki, kijana mmoja wa nyumbani amsindikize babu hadi kituoni, amshike mkono mpaka aketi. Na watoto wetu wafundishwe kuinuka kitini bila kuombwa, hata kama nauli wamelipa kamili. Wakifundishwa leo, nasi tutapishwa siku yetu itakapofika.