Wanapima, Hawasomi

Kila asubuhi niendapo sokoni hupita mbele ya kibao kilichoandikwa SALUNI YA USUSI NA. Kinaishia hapo. Baada ya kiunganishi hakuna neno wala nukta, bali ukingo wa bati uliokatwa kwa mkasi wa fundi. Mgeni wa mtaa hudhani mchoraji aliishiwa rangi. Mimi nakijua kisa chake, kwa sababu maneno yale niliyatunga mwenyewe, na katika kukatwa kwake nina sehemu yangu ya lawama.

Mwenye saluni hiyo nilimfundisha Kiswahili hadi kidato cha nne, miaka mingi iliyopita. Alipofungua biashara alitundika kibao cha mita moja kwa nusu mita, chenye maneno MODERN HAIR SALOON. Nami, kwa maradhi ya walimu wastaafu ambao hawakujaaliwa kunyamaza, nikamwambia kwamba neno hilo la mwisho, kwa tahajia ile, kwa Kiingereza ni mahali pa kunywea pombe; na kwamba wateja wake wote ni akina mama wa mtaa huu, wanaosukwa, kuoshwa nywele na kupiga soga kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi magharibi. Alikuwa akiniamkia, akicheka, akiendelea na kazi yake. Kibao kilipochakaa kwa jua na mvua, akanifuata nyumbani. “Mwalimu, basi niandikie hicho Kiswahili chako.” Nikamwandikia: SALUNI YA USUSI NA UREMBO WA AKINA MAMA.

Fundi wa mabango alizihesabu herufi kwa ncha ya penseli, kama sisi watunzi tuhesabuvyo mizani kwa vidole. Maneno ya kwanza yalikuwa na herufi 16; yangu yalikuwa na 32. Akasema akizibana herufi hazitasomeka kutoka barabarani, hivyo bati lirefushwe liwe mita mbili. Likarefushwa. Bango likapendeza, nami nikawa nalipitia kwa majivuno ambayo leo nayaonea haya.

Haikutimia miezi miwili, wakaja maofisa wawili wa halmashauri na futikamba. Walipima urefu, wakapima upana, wakaandika, kisha wakampa hati ya madai yenye namba ya malipo. Nusu mita ya mraba ilikuwa imegeuka mita kamili, na ada ikawa maradufu. Nilikuwapo. Nilimwuliza mmoja wao, kijana mwenye adabu aliyenipa shikamoo kabla ya kutoa futikamba yake, iwapo haoni kwamba bango limerefuka kwa sababu limeandikwa kwa lugha ya taifa. Akatabasamu. “Mzee wangu, sisi tunapima. Hatusomi.” Hapakuwa na kejeli katika sauti yake. Alikuwa akinieleza kazi yake ilivyo.

Mwaka ule binti yangu yule alilipa. Ana watoto wawili shuleni na kodi ya chumba cha biashara kila mwezi. Mwaka uliofuata alimwita fundi bati, akalikata bango katikati.

Ndugu msomaji, simlaumu kijana yule, wala sipingi halmashauri kutoza ada. Jiji halisafishwi kwa mashairi. Mitaro huzibuliwa na taka huzolewa kwa fedha. Pia najua kwamba bango lililosimikwa vibaya kwenye njia panda humziba dereva macho, na bango zito lisilofungwa imara likiangushwa na upepo laweza kuua mtu. Mamlaka ya kusimamia mambo haya lazima yawepo. Nchini Tanzania halmashauri huweka viwango vyake kwa sheria ndogo zinazotungwa chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Waziri mwenye dhamana huziidhinisha, nazo hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Mwaka 2017 ukusanyaji wa ada za mabango ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na baadaye ukarejeshwa kwenye serikali za mitaa. Mkusanyaji alibadilika, lakini kigezo kikuu kikabaki kilekile: ukubwa wa bango, na kama lina taa au halina. Katika sheria ndogo nilizopata kuzisoma, nami nimezisoma kadhaa tangu siku ile, sikukuta kifungu kinachouliza bango limeandikwa lugha gani.

Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ndiyo haki yenyewe, kipimo kimoja kwa wote. Nami ningesadiki, lau lugha zote zingekuwa na urefu mmoja. Hazina. Kiswahili ni lugha ya viunganifu na viambishi. Hutaja kitu kwa kukieleza. Mwenye kuuza saruji na misumari akiandika HARDWARE ametumia herufi 8. Akiandika DUKA LA VIFAA VYA UJENZI ametumia 20, bila kuhesabu nafasi baina ya maneno. Fundi cherehani, duka la dawa, karakana ya magari, duka la vifaa vya kuandikia: kila mmoja wao akichagua lugha anayoinadi biashara yake kwa mdomo huhitaji bati refu kuliko jirani yake aliyeazima neno moja la Kiingereza. Bati refu ni ada kubwa. Basi kipimo kinachodaiwa kuwa hakina upendeleo kinamtoza mtu kwa kusema Kiswahili, na kinamtoza kila mwaka. Jambo hili linatendeka katika nchi iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa kwa sheria tangu 1967, na ambayo mwaka 2021 Bunge lake lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zake.

Wapo wanaokwepa gharama kwa njia nyingine, nayo inanisikitisha zaidi. Kampuni ya vinywaji au ya simu humjia mwenye duka, ikamwambia itamchorea ukuta mzima au itamtundikia bango la bure na kushughulikia ada yake. Mwenye duka hukubali; nani angekataa? Rangi ya kampuni hufunika ukuta kutoka msingi hadi paa, na jina la duka, lile ambalo pengine ni la marehemu mama yake au la kijiji alikotoka, huwekwa chini pembeni kwa herufi zisizozidi kiganja. Piteni mtaa wowote wenye maduka mhesabu wenyewe. Mitaa yetu ilikuwa na majina yenye utani, dua, vijembe na methali. Nilikuwa nikiwatuma wanafunzi wangu wakayaandike daftarini, wakarudi na somo zima la tamathali za semi. Leo ningewatuma wangerudi na majina ya kampuni tatu.

Halmashauri za mbali zimethibitisha kwamba utaratibu mwingine unawezekana. Jiji la São Paulo, huko Brazil, lilipitisha mwaka 2006 sheria ya usafi wa mandhari, ikaanza kutumika 2007. Mabango ya matangazo ya biashara yaliondolewa barabarani, lakini mwenye duka hakunyimwa kutaja jina lake mlangoni: duka ambalo upande wake wa mbele haufiki mita 10 liliruhusiwa kibao cha mita 1.5 za mraba. Yaani walitofautisha mtu anayejitambulisha na kampuni inayojitangaza, jambo ambalo sisi tumelichanganya. Québec, jimbo la Kanada linalozungumza Kifaransa, lilikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya lugha ya mwaka 1977 iliamuru mabango ya biashara yawe kwa Kifaransa pekee; mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Kanada ikasema kwamba kuzikataza kabisa lugha nyingine kunavunja uhuru wa kujieleza; na tangu 1993 lugha nyingine zinaruhusiwa mradi Kifaransa kitawale. Na utawala huo huupimaje? Kwa eneo. Maandishi ya Kifaransa yanatakiwa kuchukua nafasi maradufu ya yale ya lugha nyingine. Kumbe futikamba ileile yaweza kuilinda lugha.

Sipendekezi tuige Québec. Zamani ningependekeza. Nilipokuwa kijana, nimetoka tu chuo cha ualimu na kalamu nyekundu mfukoni, niliwahi kusema mbele ya wenzangu kwamba kila anayeandika “hapa tunatengeneza viyatu” atozwe faini. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa sijawahi kulipa kodi ya chumba cha biashara. Fundi yule aliyeongeza y kwenye viatu amenishonea soli kwa miaka mingi, na hakuna mteja aliyewahi kupotea njia kwa sababu ya herufi yake.

Ninaloliomba ni dogo. Mita moja ya mraba ya kwanza, mlangoni pa biashara, yenye jina la mwenyewe na kazi yake kwa Kiswahili, isitozwe ada. Bango lenye nembo ya kampuni kubwa litozwe kampuni hiyo, kwa kiwango cha tangazo, hata kama limening'inizwa juu ya genge la nyanya. Na kwa kuwa halmashauri zina maofisa utamaduni, ambao wengi wao tunawaona siku za mbio za mwenge na ngoma tu, mmoja wao akae na fundi wa mabango kabla ya rangi kukauka, asome maneno, asahihishe bila malipo na bila vitisho. Ikiwa mwenye duka anataka kubaki na y yake, aachiwe. Sidhani hazina ya jiji itafilisika kwa vibao vya wasusi na washona viatu.

Nililiandikia baraza la madiwani barua ya kurasa mbili, nikaipeleka kwa mkono wangu. Masijala waliigonga muhuri wa kupokelewa, wakanirudishia nakala. Bado ningali nikingoja.

Wiki iliyopita nilipita salunini na fedha mkononi, nikamwambia mwanangu yule kwamba nitalipia nusu iliyokatwa, maana mimi ndiye niliyemponza. Akazikataa. Nikamsihi basi angalau amwite mchoraji aifute ile NA, kwa maana inaniumiza kila asubuhi.

“Iache, Mwalimu,” akasema, akiwa ameshika kitana mdomoni na kichwa cha mteja mikononi. “Watu wanasimama, wananiuliza na nini. Nawaambia waingie.”