Mkebe wa Mlonge

Kijana mmoja tuliyemsomesha alitujia na unga wa mlonge, ataka kuufanyia biashara. Majani ameyakausha kivulini, kwani jua kali hupunguza vitamini A. Kwa hilo tulimsifu. Lakini unga huo ameutia katika maganda ya jelatini asiyoijua asili yake, na jelatini nyingi hutokana na nguruwe! Yapo maganda ya selulosi ya mimea, ayatafute hayo.

Kisha akatuomba tumwandikie juu ya mkebe kwamba huponya kisukari. Tulikataa. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta chini majimaji, juu pakavu. Mgonjwa akiacha dawa zake kwa kuuamini mkebe ule, nani atajibu mbele ya Mola? Aliondoka amenuna, maganda lakini ameyarudisha dukani.